Kofia Nne na Kilemba

Shajara ya Absalom Rading, Kisumu, mwaka 1951

12 Machi

Leo nimeshushwa cheo, ila hakuna aliyetumia neno hilo. Harbans Singh, fundi mkuu wa kebo, amenitoa kwenye genge la mtaro mbele ya wenzangu wote, akaniongoza mpaka kwenye kibanda cha swichi, akanionyesha kiti. "Wewe kaa hapa," akasema. Basi. Mimi niliyetandaza waya za simu jeshini mpaka viganja vikaota sugu, leo nakalishwa kitini kama mlinzi wa duka la vitambaa. Joram alicheka mpaka akaegemea sururu asianguke.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Tunalaza kebo mpya chini ya ardhi kutoka mjini hadi Dunga, kwenye pampu mpya ya maji. Mtaro wetu unakwenda bega kwa bega na kebo ya zamani, ile inayopeleka stima hospitali na nyumba za upande huo. Kwa hiyo kila asubuhi ya kazi nateremsha mkono wa swichi na stima inakatika. Jioni, kabla ya giza, naupandisha. Mkono ukiwa chini, watu wanachimba. Mkono ukiwa juu, atakayeipiga kebo ile kwa sururu hatarudi nyumbani kusimulia.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo nilivyozoea jeshini, na pia kwa sababu mke wangu Milka anasoma Kijaluo vizuri mno.

13 Machi

Ukutani mwa kibanda kuna misumari minne. Joram, Masinde, Tom na Simiyu, kabla ya kushuka mtaroni, kila mmoja anatundika kofia yake hapo. Anayetoka kazini anakuja kuichukua mwenyewe, kwa mkono wake. Msumari wenye kofia ni mtu aliye chini. Harbans aliuanzisha mtindo huu baada ya ajali ya mwaka jana, kabla sijaajiriwa. Aliyekaa kwenye kiti hiki alidhani watu wametoka, akapandisha mkono. Mtu mmoja alizikwa kwao Bondo.

Nikamuuliza Harbans, "Na wewe, Bwana Fundi? Msumari wako uko wapi?"

Akanitazama kana kwamba nimemtukana mama yake. "Kilemba hapana tundika kwa msumari. Mimi natoka shimo nyuma ya watu yote. Mimi nakuja hapa na miguu yangu, nasema washa. Wewe hapana ona mimi, hapana washa. Hata Kingi nakuja hapa nasema washa, hapana washa."

Nilisema nimesikia. Moyoni nilisema Kalasinga huyu ana maringo kuliko kofia zote nne.

19 Machi

Milka ni mzito, na mwezi wa tano ndio wake. Tangu binti yetu Rosa azaliwe tumezika wawili, wote hawakufikisha juma. Leo tumekwenda hospitali na daktari amempapasa tumbo, halafu akasema mtoto amekaa vibaya. Siku zikikaribia aje alale wodini, na huenda akapasuliwa. Milka aliitikia "ndiyo, daktari" kwa adabu, lakini tulipofika sokoni akanunua ngege wawili na kumgombeza muuzaji kwa sababu ya macho ya samaki.

Usiku huu nimetambua jambo ambalo nilipaswa kulitambua hospitalini. Taa za chumba cha upasuaji ziko kwenye kebo yangu.

26 Machi

Jumatatu ya Pasaka. Kazi hakuna. Rosa ameimba kanisani na kusahau ubeti wa pili.

3 Aprili

Chwiri, masika yetu, imeanza kwa hasira. Mvua inatoka ziwani alasiri, inapiga bati la kibanda hadi sisikii simu.

Leo walianza kuvuta kebo mpya kutoka kwenye dramu lililosimamishwa karibu na kibanda, nami niliona kila kitu kutoka kitini pangu pa aibu. Kebo ni nzito, imevikwa ganda la madini ya risasi, na ndani yake waya zimefungwa kwa karatasi iliyoshiba mafuta. Harbans amepanga magurudumu madogo ya mbao mtaroni ili ipite juu yake bila kugusa mawe. Sakafu ya mtaro imetandikwa mchanga uliochekechwa. Masinde anaita, watu wanaitikia na kuvuta, Masinde anaita tena.

Kwenye kona wakachoka, wakaivuta kwa nguvu, ikaruka gurudumu na kukwaruza jiwe. Mkwaruzo wenyewe haukuzidi kucha. Harbans alishuka na kilemba chake mtaroni, akaupapasa kwa kidole gumba muda mrefu, kisha akaamuru kebo yote irudishwe nyuma na kipande kile kikatwe.

"Kebo si kamba ya mbuzi!" akapiga kelele. "Wewe kunja yeye kama goti ya mzee! Pole pole! Duara kubwa!"

Watu walirudisha huku wakimtukana kwa Kijaluo na Kibukusu. Mimi pia nilimtukana, kwa mshikamano.

4 Aprili

Mvua. Hakuna kazi.

5 Aprili

Mvua.

18 Aprili

Nimegombana na Joram, na sisi tumekua pamoja Kombewa, tumeibiana hata nguo za kuogelea. Mvua ilimkuta mtaroni kichwa wazi. Akaja mbio, maji yakimtiririka puani, akanyoosha mkono kwenye msumari.

"Umetoka kazini?" nikamuuliza.

"Omera, ndugu yangu, nataka tu kofia yangu. Narudi chini sasa hivi."

"Basi kofia inabaki."

"Absalom, mvua inaninyeshea!"

"Jifunike gunia."

Aliniangalia kama mtu asiyenijua. "Wewe kumbe ni askari wa Kalasinga," akasema, akarudi kwenye mvua. Jioni wote wanne walichukua kofia zao bila kunisalimu. Sasa wananiita Bwana Kofia. Nimeumia, lazima niseme. Lakini msumari mtupu na mtu yuko chini, hiyo ndiyo ajali ya Bondo tena, na mimi ndiye nitakayekuwa nimeupandisha mkono.

27 Aprili

Harbans ameniita shimoni. Ilikuwa siku ya kuunga kebo mpya kwa kebo mpya, mbali na ile ya zamani, kwa hiyo sikuwa na cha kulinda. Juu ya shimo kuna hema, na ndani ya hema joto na harufu ya risasi iliyoyeyuka. Alichana ukanda wa ile karatasi ya ndani, akaushika kwa koleo safi, maana jasho la kidole tu linatosha kuiharibu, akauchovya kwenye kopo la mafuta ya moto. Mafuta yakachemka na kutoa povu, yakapiga kelele kama dagaa kikaangoni.

"Nasikia? Iko maji ndani."

Akakata kebo, akachovya tena. Povu. Akakata tena. Mara hii mafuta yalitulia kimya, naye akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Akaanza kuunga. Akanieleza kwamba kebo ikishafunguliwa matumbo yake huwezi kuiacha, uwe na njaa, uwe na homa, mpaka uifunike tena kwa risasi na kuziba kila upenyo. Hewa ya chwiri peke yake inatosha kuinywesha.

Injinia alipofika na kuona vipande vilivyokatwa alipandwa na hasira. Ni Mzungu mrefu, mpya hapa, ana haraka kila saa. Harbans alimsikiliza mpaka mwisho, koleo mkononi.

"Bwana, leo iko maji kidogo. Mwaka mbili, mwaka tatu, hii napasuka, naua mtu naye chota maji. Mimi hapana taka."

Nilirudi kibandani nikiwa nimepunguza nusu ya matusi niliyomwekea.

5 Mei

Simu ililia kabla ya saa kumi. Injinia. Kuna wageni nyumbani kwa mkubwa fulani, wanataka stima mapema. Nikamwambia kuna kofia mbili ukutani. Akasema watu hao wako mbali na kebo ya zamani, wanafukia tu, wanapanga matofali ya kinga juu ya mchanga. Nikamwambia, kofia mbili, Bwana. Akaniuliza jina langu. Nikamtajia herufi moja moja ili asikosee.

Harbans alipopata habari alicheka mpaka ndevu zikatikisika. Ndipo nilipomuuliza kwa nini alinitoa kwenye genge.

"Mimi natazama watu yote," akasema. "Masinde iko nguvu. Joram iko maneno mingi. Tom, Simiyu, watu mzuri. Wewe iko mbishi. Mimi nasema weka tofali hapa, wewe nauliza kwa nini. Mimi nasema chimba, wewe nauliza kwa nini. Kila siku kichwa yangu nauma sababu ya wewe. Mimi nasema, huyu ndiyo mtu ya swichi."

Nilitaka kukasirika lakini hasira haikuja. Nimekuja kumsimulia Milka, naye akasema, "Kwa hiyo Kalasinga amekujua kwa miezi miwili. Mimi ilinichukua mwaka."

12 Mei

Milka amelazwa. Nimembebea blanketi na birika. Rosa yuko kwa dada yangu. Nilimwendea daktari, kofia mkononi, nikamuuliza siku ikifika na stima haipo itakuwaje. Akasema wanajulishwa siku zote za kukatwa, na upasuaji hupangwa asubuhi za siku nyingine. Lakini mtoto hajaulizwa kama siku hiyo inamfaa, akasema kwa Kiingereza, na kucheka kidogo. Sikucheka.

16 Mei

Kesho ni kiungo cha mwisho, pale kebo mpya inapoungana na ya zamani. Hospitali imejulishwa. Milka yuko sawa, miguu imevimba. Amesema mtoto anampiga mateke kila akisikia kengele ya wodi. Upasuaji ni keshokutwa asubuhi, daktari amepanga. Nimemwambia kesho stima itakuwa imekatwa mpaka jioni, akasema, "Najua, Baba Rosa. Umeshaniambia tangu juzi."

17 Mei

Nisipoandika sasa sitaandika kamwe.

Asubuhi mkono wa swichi ulishuka kama kawaida. Kofia nne. Harbans alipita akiwa amevaa kilemba cha buluu, akaniinulia kidole, akaenda.

Baada ya chakula cha mchana ziwa likawa jeusi. Mvua iliyokuja sijaiona tangu nizaliwe. Barabara ya Dunga ikawa mto. Saa kumi hivi Joram, Masinde, Tom na Simiyu waliingia kibandani kwa kishindo, matope mpaka kiunoni. Mtaro umejaa, wakasema, kazi imekwisha. Kila mmoja akachukua kofia yake kwa mkono wake. Misumari minne mitupu.

"Fundi yuko wapi?" nikauliza.

"Ametoka," Masinde akasema. "Nimemwona ndani ya lori, amekaa mbele. Lori limepita sasa hivi kwenda mjini."

"Umemwona yeye?"

"Nimeona kilemba cha buluu, Bwana Kofia. Kuna vilemba vingapi vya buluu kwenye lori letu?"

"Aliniambia atakuja hapa mwenyewe."

"Kwenye mvua hii? Aje kufanya nini?"

Ni kweli lilikuwa swali la akili. Nikakaa. Simu ikalia, na ilikuwa Rasik, karani wa ofisini, mtu mpole ambaye hajawahi kuniinulia sauti. Leo alikuwa akihema.

"Absalom, hospitali wanapiga simu. Kuna mama amebadilika ghafla, daktari anataka kumpasua sasa hivi. Chumba ni giza, mvua imefunga mbingu. Karabai hawawezi kuiweka karibu kwa sababu dawa ya usingizi inashika moto. Wanataka stima. Watu wametoka?"

"Wanne wametoka. Fundi sijamwona."

"Lori limefika hapa karibu. Wanasema yumo ndani."

"Mwite kwenye simu niisikie sauti yake."

Rasik akasema, polepole, "Lori limekwama kwenye maji kule chini, halijaingia. Absalom, ndugu yangu. Huyo mama ni mke wako."

Nilijua kabla hajasema. Sijui nilijuaje.

Joram alisikia, maana simu ile inapiga kelele kibanda kizima. "Omera, washa," akasema. "Mtu ametoka. Washa!"

"Hajaja."

"Masinde amemwona!"

"Ameona kilemba."

"Ni Milka, Absalom! Ni shemeji yangu!"

Nikamwambia Joram, na sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine, "Kimbia shimoni. Ukimkuta, mlete. Usipomkuta, simama juu ya barabara upunge kofia, nitakuona kutoka mlangoni." Alinitukana tusi ambalo sitaliandika, lakini alikuwa tayari amekwisha kutoka mlangoni.

Mkono wa swichi huchomoka. Niliuchomoa, nikauweka kitini, nikaukalia. Sikujiamini. Kama ungebaki pale mbele ya macho yangu ningeupandisha. Masinde na wenzake walisimama wakinitazama, maji yakichuruzika chini yao. Nilimwomba Mungu kwa Kijaluo na sikumbuki niliomba nini. Nilimwona Milka mezani, mikono yake, na ule mdomo wake anavyoukaza akiogopa. Niliwaona wale wawili tuliowazika. Nilimwona mtu wa Bondo ambaye sikuwahi kumjua. Kisha nikamwona Milka tena.

Gari la Injinia likafika, matope mpaka kwenye vioo. Aliingia bila kuvua koti.

"Kwa nini stima hapana rudi?"

"Fundi hajaja, Bwana."

"Fundi iko kwa lori! Watu yote natoka! Kofia hakuna! Wewe naua mgonjwa!"

"Mgonjwa ni mke wangu, Bwana."

Hilo lilimsimamisha, lakini kwa pumzi moja tu. "Basi washa! Wewe wazimu?" Akaona mkono haupo mahali pake. Akaniangalia nilivyokaa, akaelewa, akanishika bega kuniinua. Mimi si mkubwa lakini nilijifanya mzito. Masinde akasogea. Sikujua anasogea kwa upande wa nani, na nadhani yeye mwenyewe hakujua. Akasimama kati yetu, mikono chini.

Simu ikalia tena. Hakuna aliyeipokea. Ililia mpaka ikachoka.

Nilikuwa nimeamua. Naliandika hili ili nisije nikajidanganya baadaye. Nilikuwa nimeamua kwamba Joram akipunga kofia, au asipopunga na akachelewa kidogo tu zaidi, nitawasha. Nilikuwa nimekwisha kuinuka nusu. Na mlangoni akaonekana mtu wa matope, kilemba kimelegea na kumwangukia shingoni, mikono imeungua kwa risasi ya moto, na nyuma yake Joram akilia kama mtoto.

Hakuwa kwenye lori hata kidogo. Kilemba alichokiona Masinde kilikuwa cha Kuldip, dereva, ambaye leo pia amevaa cha buluu. Mvua ilipoanza Harbans alikuwa ameifungua kebo ya zamani, matumbo nje, waya mkononi. Aliwafukuza wengine watoke kwenye maji, akabaki peke yake chini ya hema, akiyazuia maji kwa magunia ya mchanga, akamaliza kuifunika kwa risasi. Hakujua lolote juu ya hospitali. Alinitazama, akamtazama Injinia, akafikiri ni ugomvi wa kawaida.

"Kiungo iko kavu," akasema. "Washa."

Niliurudisha mkono mahali pake, nikaupandisha, kisha nikakimbia mpaka hapa hospitali, ambako bado nangoja nje ya mlango.

18 Mei

Wako hai. Wote wawili. Mtoto ni wa kiume. Milka amevuja damu nyingi na bado hajafungua macho vizuri.

Sista aliniambia walisubiri, kisha daktari akaona hawezi kusubiri tena, akampasua kwa mwanga wa tochi mbili zilizoshikwa na wauguzi. Taa zilirudi wakati anashona. Mshipa mmoja aliukosa gizani, akautafuta sana. Alisema hivyo tu, sikumuuliza zaidi.

20 Mei

Milka amekunywa uji. Hajasema neno nami.

25 Mei

Nimesimamishwa kazi. Injinia ameandika kwamba nilikataa amri, na amri nilikataa kweli, kwa hiyo sina la kubisha, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Joram, Masinde, Tom na Simiyu wamekwenda ofisini kusema nao hawashuki mtaroni mpaka nirudishwe kitini. Wamekwenda na kofia vichwani na hawakuzivua. Rasik ndiye aliyenieleza.

29 Mei

Harbans alikuja wodini na mkewe, mikono bado imefungwa bendeji. Mkewe hajui Kiswahili wala Kijaluo. Alimletea Milka kopo la panjiri, chakula wanachowapikia wanawake waliojifungua, unga uliokaangwa kwa samli na sukari na lozi. Akamwonyesha kwa ishara: kidogo asubuhi, kidogo jioni, mgongo upate nguvu. Harbans alisimama mbali kwa adabu, akitazama dirisha.

"Mama," akasema mwisho, "mimi iko watoto tatu."

Milka alimshukuru kwa kichwa. Walipoondoka alilisukuma kopo mpaka ukingoni mwa meza na hakulifungua.

2 Juni

Nimerudishwa kazini kuanzia Jumatatu. Injinia hakusema samahani, na sikutegemea. Amesema tu kwamba kuanzia sasa hata yeye akishuka shimoni atatundika kofia yake. Nilipita kumwambia Milka. Akasema, "Vizuri," na kugeukia ukuta.

Nimekuwa nikimchukia Injinia, na kumchukia Masinde kwa macho yake, na hata yule mtu wa Bondo kwa kufa. Hakuna chuki inayonisaidia kulala.

10 Juni

Tumemleta Milka nyumbani kwa teksi ya mpwa wa Rasik, na Rosa amemshika mtoto mapajani njia nzima bila kupumua. Mvua imepungua. Jioni, dada yangu alipomchukua Rosa kuteka maji, tulibaki watatu. Milka alikuwa amekaa kitandani akinyonyesha.

"Niambie sasa," akasema. "Ulijua ni mimi?"

Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi, kuhusu sheria, kofia, Bondo. Yote yalikimbia.

"Nilijua."

"Kabla hawajanilaza nilimsikia daktari kwenye simu. Anasema kuna mtu kwenye swichi amekataa. Nikajua ni wewe, hakuna mbishi mwingine Kisumu nzima. Nikasema, akisikia ni mimi atawasha." Akamhamisha mtoto titi la pili, polepole, kwa sababu ya mshono. "Halafu taa hazikuwaka, na sista akanifunika pua kwa dawa ya usingizi."

"Mama Rosa..."

"Ngoja nimalize. Nimemwona yule Kalasinga na mke wake. Nimeiona mikono yake. Najua kwamba ungewasha angekufa, na watoto wake watatu nimewafikiria kila mmoja, hata majina yao siyajui. Nimefikiri siku nyingi, sikuwa na kazi nyingine." Ndipo akaniangalia usoni, kwa mara ya kwanza tangu tarehe kumi na saba. "Ningekuwa mimi pale kibandani na wewe ndiye uko mezani, ningewasha. Nataka ulijue hilo. Ningewasha na nisingemuuliza mtu."

Nilisogeza kiti karibu na kitanda.

Mtoto alishiba akaachia titi. Milka alinipa nimshike, akaniambia nimwinue kichwa, si hivyo, hivi. Kisha akavuta kopo la panjiri, ambalo kumbe alikuja nalo kutoka wodini, akakibandua kifuniko kwa kijiko, akala, mimi nimekaa pale na mwanangu begani nikimgonga mgongo mpaka akacheua.